Shahidi wa Biasha

Mgeni aliingia uani viatu vikiwa mkononi na tope magotini. Hodi yake ilikuwa bado mdomoni alipokwisha kuketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Jamani, maji," alisema baada ya salamu. "Lori letu limelala mtoni kama kiboko, na dereva anasema litaamka litakapopenda."

Ilikuwa Machi, mwaka 1954, na mvua zilikuwa zimeifanya uji njia yote ya kutoka Nachingwea mpaka Lionja. Mgeni alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye chale za Kimakonde mashavuni, amevaa gauni ambalo asubuhi bila shaka lilikuwa jeupe. Binti wa nyumba, Mwantumu, aliacha kupepeta ufuta akaenda mtungini. Alisugua kata kwa majivu, akaisuuza, akaisuuza tena, ndipo akachota maji na kumpelekea mgeni kwa mikono miwili, amepiga goti.

Mgeni alikunywa huku macho yake yakimtazama binti juu ya ukingo wa kata.

"Nani amekufundisha kusuuza mara mbili?"

"Hakuna, dada. Maji ya kwanza yanaondoa majivu. Ya pili yanaondoa ya kwanza."

"Eti yanaondoa ya kwanza!" Mgeni alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akaona mguu wa mama yake Mwantumu, aliyekuwa barazani akibangua karanga. Juu ya kifundo palifungwa kitambaa safi, kimekunjwa vizuri pembeni. "Na kidonda hiki, mama, nani anakifunga?"

"Huyo huyo," mama alisema. "Jembe lilinikata. Ananichemshia kitambaa kama anapika muhogo. Majirani wanatucheka."

Mgeni aliweka kata chini. Alisema anaitwa Josephina, kwao Newala, naye ni mkunga katika hospitali ndogo ya misheni iliyo kwenye njia ya Ruangwa. Mwezi ujao hospitali ilikuwa inaanza darasa la wasichana wa kusomea uuguzi, na walitafutwa hasa wanaojua Kimwera. "Wagonjwa wa huku wakianza kunieleza maumivu yao, mimi natikisa kichwa tu kama mbuzi aliyeonyeshwa kitabu. Wewe umesoma?"

"Mpaka darasa la sita, dada."

"Basi twende."

Mwantumu alihisi moyo wake ukiruka, kisha ukarudi chini taratibu. Baba yake alikuwepo, lakini kwa Wamwera mtoto ni wa mjomba. Neno la kumtoa binti nyumbani lilikuwa mdomoni mwa Amiri, kaka wa mama yake, na Amiri alikuwa bado shambani.

Alirudi alasiri, jembe begani. Alimkuta mgeni akishindilia ugali na kisamvu bila aibu.

"Wamakonde!" alisema Amiri. "Mmemaliza chakula chenu Newala, mmekuja kumaliza chetu?"

"Chakula nimekiacha kidogo, mjomba. Nimekuja kuchukua mtoto."

Walicheka wote. Lakini Josephina alipoeleza, kicheko cha Amiri kilikatika. Alichokoa udongo kwenye jembe kwa kijiti.

"Kuosha vidonda, sawa," alisema mwishowe. "Kunywesha wagonjwa dawa, sawa. Hizo ni thawabu. Lakini wewe ni mkunga. Je, mtoto huyu ataingia mnakozalisha?"

"Wa mwaka wa kwanza hawaingii, ila mkunga akiruhusu."

"Basi sikiliza, mbele ya mama yake. Mtoto huyu amechezwa unyago, anajua alichofundishwa. Msichana ambaye hajazaa hatazami uzazi. Akitazama, nani wa hapa atamwoa? Na mimi nitasimama wapi mbele ya watu?" Akamgeukia Mwantumu. "Nenda ukasome. Siku nikisikia umeingia chumba kile, siku hiyo hiyo nakuja kukuchukua, na kitabu utakiacha huko. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Na wewe Mmakonde?"

"Mimi sitamwita, mjomba," alisema Josephina. "Nakupa neno langu."

Mwezi uliofuata Josephina alipita tena na lori, akamkuta Mwantumu kando ya njia na sanduku la bati lililonunuliwa kwa watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza. Mama alilia. Amiri alijifanya anafunga kamba ya sanduku, ingawa ilikwisha kufungwa.

Ndani ya lori, juu ya magunia ya chumvi, Josephina alianza kusema na hakunyamaza mpaka hospitalini.

"Viatu vyako vinakubana? Vinakubana, usinidanganye. Tutatafuta vikubwa zaidi, maana miguu ya muuguzi jioni si ile ya asubuhi. Kucha kata leo. Wenzako watakesha na vitabu siku za mwanzo, wewe lala. Mtu asiyelala anamimina dawa ya sikio jichoni. Soma ukurasa mmoja, kisha nenda ukamtafute mgonjwa mwenye ugonjwa huo, umtazame, ndipo usome tena. Kitabu peke yake ni mchuzi bila ugali. Na ukiwa hujui, sema hujui. Atakayekucheka leo mtacheka naye kesho."

"Ndiyo, dada."

"La daftari. Kila mgonjwa ana daftari lake: homa, chakula, mkojo, choo. Andika ulichokiona. Hukuona, acha wazi. Daftari lenye uongo ni baya kuliko kukosa daftari."

Lori liliruka shimo. Josephina alishika kilemba chake, akaendelea kwa sauti ya chini kidogo.

"Na la mwisho ni gumu kwa wenye moyo laini, nawe unao, nimekwisha kukuona. Usimwahidi mgonjwa jambo usilokuwa na uhakika nalo. Mgonjwa atasahau jina la dawa na jina lako pia. Ahadi hasahau."

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Ambaye angeshindwa angerudi kwao. Ambaye angefaulu angepewa kofia nyeupe mbele ya wazazi. Mwantumu alijifunza kuchemsha sindano za kioo bila kuzipasua, kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, na kutokimbia anaposikia harufu. Mara mbili alilia chooni. Mara moja alivunja kipimajoto, akaenda mwenyewe kumwambia Sista mkuu, akarudi akitembea wima. Msichana aliyelala kitanda cha jirani, Lusiana wa Masasi, alimtania kila jioni.

"Wewe utauawa na ukweli," alisema siku moja, akichungulia daftari. "Mbona hapa pa mkojo pako wazi? Andika tu 'amepata'. Sista hapendi nafasi tupu."

"Sijaona, Lusiana."

"Kwani hata mkojo unahitaji shahidi?"

Daftari hilo lilikuwa la Biasha.

Biasha alikuwa na miaka kumi na saba, mimba yake ya kwanza. Alitoka kijiji cha karibu na Ruangwa. Alilazwa wiki mbili kabla ya siku zake kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Mumewe alikuwa ameondoka miezi saba iliyopita kwenda kukata mkonge. Mkwewe, Bi Ashura, mzaliwa wa Ruponda, alikaa kila siku kwenye benchi la nje na kikapu chake, mgongo umenyooka, akihesabu kila aliyeingia na kutoka. Biasha hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Na Mwantumu alipokuwa akimwosha miguu, alizungumza naye kwa Kimwera, polepole, hadi msichana akaanza kumngojea kama anavyongojewa ndugu.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya majaribio, Biasha alimshika mkono na kumvuta karibu.

"Kwetu uzazi ukikawia," alisema, "wanawake wanakuzunguka. Wanasema, taja. Taja mwanamume uliyetembea naye, mtoto afunguliwe njia. Dada yangu walimfanyia hivyo. Hakuwa na mtu. Alichoka, akataja jina lililomjia mdomoni ili wamwache. Mtoto akatoka, wakasema, mnaona? Mumewe akamrudisha nyumbani kitovu cha mtoto hakijadondoka."

"Hapa hawaingii. Dada Josephina hawaruhusu."

"Hawataingia. Lakini mama mkwe atauliza. Mume wangu yuko mbali miezi saba, na yeye anahesabu tangu siku aliyoondoka. Atauliza nilitaja nani, na mkunga hajui Kimwera, na yule daktari Mzungu ndiyo kabisa. Nani atasema sikutaja?" Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Uwepo wewe. Usikie. Kama sikutaja, useme. Hilo tu."

Mwantumu aliona uso ule, macho yale makubwa, na mdomo wake ukajibu kabla yeye hajajibu.

"Nitakuwepo. Na nitasema."

Alifika mlangoni mwa wodi ndipo akakumbuka gunia la chumvi, shimo la njiani, na sauti ya Josephina. Alisimama palepale na beseni mkononi. Jumamosi ilikuwa siku ya kofia. Mjomba Amiri alikwisha kutuma salamu kwamba atakuja, na kwamba ameazima baiskeli.

Uchungu ulianza alfajiri ya Jumatano. Biasha alipelekwa chumba cha wazazi akitembea mwenyewe. Alipompita Mwantumu alimtazama tu.

Chumba hicho kilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitokea barazani, mbele ya benchi la Bi Ashura. Wa pili, mdogo, ulitokea chumba cha kuoshea vyombo, ambako asubuhi hiyo Mwantumu alipangiwa kazi. Alisugua mabakuli. Kutoka nyuma ya mlango alisikia pumzi za Biasha, na kati ya pumzi, maneno ya Kimwera yasiyojibiwa na mtu.

Saa nne. Saa tano. Josephina alitoka mara moja kuchukua maji ya moto, jasho likimtiririka kwenye chale. Alimtazama Mwantumu, akatazama mlango, akatazama chini.

"Inakawia," alisema. "Daktari yuko Ruangwa mpaka jioni. Mapigo ya mtoto bado mazuri, lakini kichwa hakishuki, sijui kwa nini. Namuuliza, hanielewi. Namwelewa mimi? Simwelewi."

"Dada..."

"Sikukuita," Josephina alisema haraka. "Nilimpa mjomba wako neno langu. Mimi sikuiti, Mwantumu." Akarudi ndani. Mlango mdogo hakuufunga sawasawa.

Nje, Bi Ashura alikuwa amesimama. Mwantumu alimsikia akiwaambia wanawake wenzake wa benchini, kwa sauti ya mtu asiye na haraka: "Mtoto amefungwa. Kuna jambo halijasemwa."

Ndani Biasha alipiga kelele moja, akamwita mama yake.

Mwantumu aliweka bakuli chini. Alinawa mikono mpaka viwikoni kama alivyofundishwa, kwa sabuni. Akilini alimwona mjomba Amiri akifunga kamba iliyokwisha kufungwa. Alijua kwamba akiusukuma mlango ule, hata kama hakuna atakayemwona, yeye mwenyewe atakuwa ameingia. Akausukuma.

Josephina aligeuka, na kwa dakika moja uso wake ukawa na hofu na shukrani pamoja. Alisogea kando kumpisha.

Mwantumu alimshika Biasha mkono. Hakuona alichotishwa nacho unyagoni. Aliona msichana mwenzake, midomo imekauka, anachoka.

"Nimekuja," alimwambia kwa Kimwera.

"Umekawia," alisema Biasha, na licha ya maumivu nusura acheke.

Ndipo Mwantumu akakumbuka daftari. Nafasi iliyoachwa wazi jana jioni ilikuwa bado wazi asubuhi hii. Aliinama, akamuuliza sikioni lini alijisaidia haja ndogo mara ya mwisho. Biasha aligeuza uso. Tangu jana mchana, alisema. Chombo kililetwa, lakini mkwe alikuwa dirishani, na mbele ya mkwe mtu anafanyaje?

"Dada, hajakojoa tangu jana mchana."

Josephina aliweka kiganja chini ya kitovu, akabonyeza kidogo, akafumba macho. "Ewe Mola. Na mimi namtafuta mchawi wakati ni kibofu. Kimejaa, kimeziba njia. Nipe mpira ule wa kutolea mkojo, uliochemshwa. Mwambie hautauma sana. Hapana, usimwambie hautauma. Mwambie utauma kidogo, kisha atapumua."

Mwantumu alimwambia hivyohivyo. Beseni lilijaa karibu nusu. Biasha akapumua, na uchungu uliofuata ulikuwa wa namna nyingine, wenye kazi ndani yake. Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa sauti: Josephina akisema sukuma, Mwantumu akisema sukuma kwa Kimwera, Biasha akimwita mama, tena mama, tena mama, mpaka sauti ikakauka. Karibu saa nane mtoto alilia. Alikuwa wa kike, mzito, mwenye hasira.

Mwantumu alimfuta Biasha uso. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, jambo lililomshangaza. Josephina alipomaliza kukata kitovu na kumfunga mtoto, alimnong'oneza: "Toka kwa mlango uliouingilia. Kaoshe vyombo. Hakuna aliyekuona, na mimi sina macho."

Alitii. Alirudi kwenye mabakuli. Moyo wake ulikuwa ukipiga kwa furaha isiyo na pa kwenda, naye akaanza kuamini kwamba imekwisha: mtoto amezaliwa, Jumamosi itafika, kofia itakaa kichwani, na mjomba atarudi Lionja kwa baiskeli ya kuazima akiimba.

Kisha akasikia mlango wa barazani ukifunguliwa, na Josephina akisema, "Hongera, mama. Mjukuu wa kike. Wote wazima."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Ashura. Alishukuru kweli, sauti yake ilitetemeka. Halafu ikanyooka tena kama mgongo wake. "Amemtaja nani?"

"Hakutaja mtu, mama. Kibofu kilijaa, nikakitoa maji."

"Mwanangu, mimi nimezaa saba na nimeshuhudia wengi kuliko nywele zako. Mtoto alifungwa tangu alfajiri. Amefunguliwa. Mtoto aliyefungwa hafunguliwi mpaka mama aseme. Basi amesema. Nakuuliza, amemtaja nani? Mwanangu wa kiume yuko mkongeni, ana haki ya kujua."

"Nakwambia hakutaja."

"Kimwera unakijua?"

Josephina alifuta jasho kwenye chale.

"Hukijui. Alikuwa akisema mchana kutwa, nimemsikia hadi hapa, wala sikuyapata maneno. Wewe ulisikia kelele tu. Ndani kulikuwa na nani anayeelewa?"

"Mama, ndani ni mahali pa wakunga..."

"Kulikuwa na nani?"

"Mimi," alisema Josephina. "Ni mimi tu."

Ulikuwa uongo wa huruma, na Mwantumu alijua unamlinda nani. Alijua pia unamwacha nani. Kupitia mlango mdogo alimwona Biasha kitandani, mtoto kifuani, amegeuza uso kwenye mlango wa barazani. Hakuelewa Kiswahili chao, lakini alielewa yanayoulizwa. Machozi yalikuwa yakishuka kuelekea masikioni, na hakumtazama Mwantumu, hakumwita. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayengoja kuona kama mvua itafika kwake au itapita kando.

Mwantumu alifuta mikono kwenye aproni. Alivuka chumba cha wazazi, akapita mbele ya kitanda, akatokea kwenye mlango wa barazani ambao wote walikuwa wakiutazama.

"Shikamoo, mama," alisema, akapiga goti. Kisha akasema kwa Kimwera, ili benchi lote lielewe: "Mimi nilikuwa ndani. Niliingia kabla ya adhuhuri, nikatoka mtoto alipokwisha kulia. Maneno yake yote nimeyasikia. Alimwita mama yake. Aliomba maji. Hakutaja mwanamume yeyote, hata mmoja."

Josephina aliegemea ukuta kana kwamba amepigwa.

Bi Ashura alimtazama msichana huyo kuanzia viatu vikubwa mpaka kichwa kisicho na kofia. "Wewe nakujua. Wewe si mpwa wake Amiri wa Lionja?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umezaa?"

"Sijazaa."

Wanawake wa benchini walivuta pumzi. Bi Ashura alishusha macho kidogo, na kwa mara ya kwanza alionekana kama bibi mzee aliyekaa tangu alfajiri bila kula.

"Binti, unajua mimi siwezi kunyamaza. Mke wa Amiri ni mtoto wa dada yangu. Neno hili litafika Lionja kabla ya Jumamosi."

"Najua, mama. Lisemeni." Mwantumu alibaki amepiga goti. "Ila mkilisema, lisemeni lote. Kwamba niliingia, na kwamba hakutaja. Mtu hawezi kuamini la kwanza akaacha la pili, kwa sababu aliyesikia ni yule yule aliyeingia."

Bi Ashura aliinua kikapu chake, akakishusha tena. Mwishowe akasema, bila kumtazama mtu, "Hakuna msichana anayejitia aibu ya namna hii kwa uongo." Akamgeukia Josephina. "Nipe mjukuu wangu."

Mwantumu alirudi ndani. Miguu ilimuuma, na kofia ya Jumamosi ilikuwa imekwisha kwenda mahali asipoweza kuifuata. Angeandika barua usiku huo, mjomba apate habari kutoka kwake kwanza. Lakini daftari lilikuwa bado juu ya meza, lina nafasi moja wazi. Alichukua kalamu, akaandika kiasi cha mkojo na saa uliyotolewa.

"Umewaambia?" Biasha aliuliza kutoka kitandani, kwa sauti iliyobaki kidogo tu.

"Nimewaambia," alisema Mwantumu, akaenda kumtandikia shuka safi.